Tulimuuliza Baba Kuhusu Bomba

Tarehe 3 Februari

Kaka, Bwana Hapana,

Nakuandikia ofisini kwako gazetini, si nyumbani. Simu ya kwako Baba huidaka kabla haijalia vizuri, na hili sitaki alisikie. Ukimaliza kusoma, barua ibaki hapo mezani chini ya hayo magazeti unayogombana nayo.

Ni Nukta. Unaikumbuka ile homa aliyoipata akiwa na miaka mitatu? Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi, midomo imepasuka, na baadaye ngozi ya ncha za vidole ikaanza kubanduka. Tuliambiwa ni surua, tukaridhika, homa ikapona. Kumbe haikuwa surua. Daktari amenitajia jina lake, Kawasaki, nikamuuliza pikipiki imeingiaje hapa. Hakucheka. Akasema ni jina la daktari aliyeueleza ugonjwa huo, na kwamba homa yenyewe huondoka, lakini kwa watoto wengine huiacha mishipa inayolisha moyo imetuna kama puto. Miaka ikipita, damu huganda humo ndani na njia huziba.

Mwezi uliopita alikuwa anaruka kamba uani. Akaacha, akakaa chini, akasema, "Mama, kifua kinanifinya." Nikadhani anakwepa kuosha vyombo. Mtoto wa miaka tisa, kaka. Nani angefikiria moyo? Mimi najua moyo ni ugonjwa wa wanaume wazima wanaokula chumvi nyingi na kufokea redio, watu wa aina yako.

Daktari wa upasuaji ni mama wa makamo, mfupi, ana mikono midogo kama ya msichana. Anataka kumfungua kifua, achukue mshipa mwingine wa mwili wake, auunganishe mbele ya pale palipoziba ili damu ipite kando. Alinichorea. Nikautazama ule mchoro na ghafla nikawa nimechuchumaa kwenye sakafu ya jiko la watu, mtoto mdogo nimeshika tochi, Baba kalala chali chini ya sinki miguu tu ndiyo inaonekana, anasema, "Hapa pamekufa. Tunalipitisha kando."

Unazikumbuka Jumamosi zile? Wewe nyuma ya baiskeli na mfuko wa spana unaokupiga mgongoni, mimi mbele kwenye chuma, nyuzi za katani za kukazia maungio nimezizungusha shingoni kama mkufu. Jina langu lilianzia pale. Harufu ya mafuta ya kukatia chuma sijaisahau, nikiisikia dukani mpaka leo natabasamu peke yangu. Na Baba akimaliza kazi hakazi mzunguko wa mwisho, anatutazama, anauliza, "Nani anamalizia leo?" Wewe siku zote ulisema ni zamu yako, hata ilipokuwa yangu.

Basi muulize Baba. Usimwambie ni Nukta. Ana presha, na unajua alivyo tangu Mama alipoingia hospitali kwa miguu yake na kutoka amebebwa. Muulize kama fundi. Mwambie kuna rafiki yako ana nyumba ambayo haijafika hata nusu, bado inapanda. Bomba linalolisha chumba kikuu limeziba. Ni jembamba, kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Je, afunge njia ya kando sasa, au asubiri nyumba imalize kupanda?

Daktari anataka jibu langu kabla mwezi haujaisha. Mimi sijawahi kumwona Baba akikosea kwenye bomba. Atakachosema ndicho nitakachofanya.

Mdogo wako,
Katani


Tarehe 11 Februari

Katani, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sikukaa mpaka nilipomaliza kumtukana kimoyomoyo yule aliyesema surua. Sina ugomvi na mtu asiyejua. Mimi mwenyewe sijui mambo mengi, na nayaandika kila wiki. Ugomvi wangu ni na mtu asiyejua anayeandika kwa mwandiko wa mtu anayejua, halafu anapiga muhuri juu. Mtoto ametembea na moto kifuani miaka yote hiyo kwa sababu mtu mmoja aliona vipele akaona foleni ndefu, akachagua neno la kumtoa mlangoni. Leo nyumba ileile, makoti yaleyale meupe, wanatuambia tuwakabidhi kifua chake. Kwanza waombe radhi. Halafu ndipo tuzungumze habari za kisu.

Usiniambie daktari huyu ni mwingine. Najua. Niache nikasirike, ndiyo kazi ninayoiweza.

Baba nimemuuliza. Ilikuwa baada ya kula, ameshavua miwani, anataka kulala. Nikasema, "Baba, kuna rafiki yangu ana tatizo la bomba." Ungemwona. Alirudisha miwani, akavuta kiti, akauliza kama nina penseli. Tangu ahamie kwangu hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya kama amekunywa dawa. Wanangu wanampita sebuleni kama wanavyopita kabati. Usiku ule mzee alikuwa na kazi.

Jibu lake ni hili, nimeliandika kama alivyolisema: "Nyumba ikiwa bado inapanda, hufungi bomba la kudumu. Ukuta utapanda, bomba litabaki palepale lilipo, litavutwa, maungio yataachia, na utakuja kubomoa kila kitu upya. Mwambie apunguze matumizi ya maji, avumilie, asubiri paa likae." Halafu akaanza yeye kuniuliza. Nyumba ya nani? Maji yanatoka wapi? Na kwa nini bomba kuu liwe jembamba hivyo? Nikasema rafiki yangu ni bahili. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba nimemwambia rafiki yangu ni mlevi.

Nilipozima taa nilikumbuka ile shule yetu ya kwanza, siku Baba alipokuja kutengeneza mabomba ya choo cha wavulana na mimi nikajificha nyuma ya darasa nisionekane ni mtoto wa fundi. Wewe ulimkimbilia mbele ya shule nzima ukamshika mkono, mchafu vilevile. Ulikuwa darasa la kwanza. Nadhani hata Baba anayajua hayo mawili, ila hajawahi kuyasema.

Subiri basi, kama alivyosema. Na mwambie Nukta mjomba wake anamtafutia kitabu kisicho na mafunzo ndani yake. Ni kazi ngumu, vimebaki vichache.

Kaka yako,
Bwana Hapana


Tarehe 2 Machi

Kaka,

Nimekataa. Nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia daktari tutangoja mpaka Nukta awe msichana mzima, amalize kurefuka, ndipo afunguliwe mara moja tu na iwe imekwisha. Akauliza, "Kwa nini kungoja, mama?" Nikasema, "Kwa sababu bado anakua." Akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Wale watu ukiwaachia nafasi wanakuzungusha na maneno ya vitabuni mpaka unakubali usichokielewa. Wewe mwenyewe umeandika hivyo, si mara moja.

Baba Nukta alirudi na lori Ijumaa, nikamweleza. Akaweka funguo mezani taratibu. "Umemuuliza fundi bomba habari za moyo?"

"Na wewe ungemuuliza nani? Utingo wako?"

"Ningemuuliza aliyeusomea."

"Aliyeusomea ndiye aliyesema surua."

Akalala kwenye kochi la sebuleni. Asubuhi alikuwa ameondoka, ameacha mkate na chai kwenye chupa. Ndivyo tunavyogombana siku hizi, kwa adabu.

Nukta hajambo. Nimepunguza matumizi, kama Baba alivyosema. Shuleni hachezi, nimeongea na mwalimu. Ngazi hapandi, kitanda nimekishusha chini. Mchana anakaa nami kwenye duka langu la vifaa vya bomba, ananipangia elbo, vile viungo vya kona, na koki kwa ukubwa, anazijua zote kwa majina, wateja wanamwita mhasibu. Hajambo kabisa. Amekuwa mtulivu, hanisumbui hata kidogo. Jioni tukifunga duka na kutembea kwenda nyumbani anapenda kusimama njiani kutazama sisimizi. Anasimama kwa muda mrefu, ameshika ukuta, anawatazama. Jana nilipochungulia hapakuwa na sisimizi. Nikasema, "Wako wapi?" Akasema, "Wameingia ndani, Mama, ngoja watoke."

Tukangoja.

Nakumbuka tulivyokuwa sisi. Mama akitufukuza uani kutwa nzima, akisema nyumba si uwanja. Nilikuwa naona anatuonea. Sasa nikisikia watoto wa jirani wanavyokimbia juu ya saruji, najua kwamba ile kelele ndiyo ilikuwa mali yetu pekee.

Nukta hajambo, usiwe na wasiwasi.

Katani


Tarehe 14 Machi

Katani,

Umeandika "hajambo" mpaka karatasi imechoka. Mtu ambaye hajambo haandikwi hivyo, anaandikwa alivunja nini.

Nimekuwa nikitaka kukuandikia tangu juma lililopita, ila nimebanwa na ujenzi. Unacheka? Baba hajaliacha lile bomba. Kila jioni ana swali jipya. Nyumba ina ghorofa? Tangi liko juu au chini? Mkandarasi ni nani? Nami nadanganya. Nimeijenga nyumba nzima kwa mdomo, tofali kwa tofali. Ina ngazi, ina vyumba viwili vya wageni, mwenyewe ana kipara na hasalimii watu. Juzi nimelazimika kumwoza mke, kwa sababu Baba aliuliza nani anateseka na maji jikoni. Mzee ameichora yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana na kuibandika ukutani. Amefungua mfuko wake wa spana, amekifuta kila chombo kwa mafuta, na anataka nimpeleke. "Magoti yanaweza kukaa kwenye teksi," anasema. Anaimba, Katani. Ule wimbo wake usio na maneno aliokuwa anauimba akikata bomba. Sikuwa nimeusikia tangu tulipohama nyumba ya kwanza, na nilisimama koridoni kwangu kama mtoto, nimeshika sahani, nikausikiliza mpaka mwisho.

Sasa nikuambie jambo, na ujue nalisema kwa ugomvi kwa sababu sina namna nyingine. Nilikupelekea jibu la Baba, na kwa kosa langu nikaongeza "subiri", lakini sikukupelekea hukumu. Wewe umelichukua neno la mzee aliyekuwa anafikiria saruji ukampigia nalo msumari mtoto kwenye kiti. Na usinitajie niliyoyaandika kuhusu madaktari. Niliandika kwamba mtu aulize. Sikuandika kwamba mtu asimame aondoke wakati mwenzake anafungua mdomo kujibu. Huo si ujasiri, hiyo ni tabia yangu mimi, na mimi si mtu wa kuigwa.

Kuna kitu kingine. Leo asubuhi nimemkuta Baba dirishani. Alikuwa amefungua kalamu yangu, ameutoa ule mrija wa wino, ameuinua kwenye mwanga anautazama. Hakuniuliza kitu. Na kalenda haipo tena ukutani.

Bwana Hapana


Tarehe 16 Machi

Binti yangu,

Hakuna nyumba duniani yenye bomba kuu la upana wa mrija wa kalamu. Nimefunga mabomba maisha yangu yote, nimefunga ya matajiri na ya mabahili. Nilimwita kaka yako, nikamkalisha. Akaanza kuondoa vyumba kimoja kimoja. Kwanza mke hayupo, halafu ngazi haipo, mwisho ikaanguka nyumba yote, akabaki mjukuu wangu.

Nimelia kidogo, nimekunywa chai, sasa ninaandika. Presha yangu niachieni mwenyewe.

Mliniuliza kuhusu chuma, nikajibu kuhusu chuma. Chuma hakikui. Jibu lile ni sahihi na nitalirudia mbele ya fundi yeyote. Lakini moyo mimi siujui. Sijawahi kuufungua, sijui umeshikwa na nini, sijui ukivuja unafanyaje. Kama ungeniuliza wazi ningekuambia hivyo, nisingeona aibu. Wewe ndiye uliyenipa kazi ambayo si yangu, bila kuniambia ni kazi gani.

Naona katika barua zako, amenisomea zote, kwamba jambo lililokutisha ni moja: mtoto atarefuka na mshipa utabaki ulivyo. Ni jambo la kutisha kweli. Mwenye jibu lake ni nani? Daktari. Ulimuuliza? Hukumuuliza, kwa sababu ungekuwa umeandika jibu lake.

Mnadhani nachukia hospitali kwa sababu ya mama yenu. Sichukii hospitali. Nachukia lile benchi la koridoni. Mtu akikaa pale anakuwa mzigo uliosahauliwa, anashika viatu vya mgonjwa wake anangoja aitwe. Mama yenu angeuliza maswali, yeye alikuwa hodari wa kuuliza. Angewahoji mpaka mfagizi. Ninyi watoto mmechukua mdomo wake, lakini naona mmoja anautumia kugomba tu na mwingine kunyamaza.

Kesho usifungue duka. Nenda ukamuulize. Usimuulize habari za rafiki mwenye nyumba. Muulize kama mama wa Nukta, na ukae mpaka amalize kusema.

Baba yako


Tarehe 24 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea hospitalini. Sitakuficha tena kitu. Siku barua ilipofika, Nukta alikuwa ameanguka dukani. Hakuwa anakimbia wala hakuwa amebeba chochote, alikuwa ananyoosha mkono kuchukua koki ya nusu inchi. Mteja ndiye aliyetubeba kwa gari lake. Sasa yuko kitandani, waya kifuani, ananiambia nisimtazame hivyo, namchosha.

Nilimfuata daktari koridoni. Nikamuuliza wazi, na nikakaa. Nikasema, "Huo mshipa utakaouweka, mtoto akirefuka, wenyewe utafanya nini?"

Akaniambia, "Utarefuka naye."

Nikasema, "Inawezekanaje?"

Akaketi nami. Kwenye benchi, Baba. Akaniambia mshipa ule hautoki nje, hata sasa anao, unashuka ndani ya kifua kando ya mfupa wa mbele, kushoto. Kule juu unakotokea hawaukati, wanaubandua taratibu upande wa chini tu na kuileta ile ncha mpaka kwenye moyo, kisha wanashona. Unabaki hai, unalishwa na damu yake mwenyewe, na mwili ukikua nao unakua. Kuna mshipa mwingine wa mguuni ambao watu wazima huwekewa, lakini kwa watoto yeye anauepuka kila anapoweza, kwa sababu huo haudumu vizuri. "Nilitaka kukueleza siku ile," akasema. "Ukawa umeshasimama." Hakusema kwa kunisuta. Nadhani ningejisikia nafuu kama angenisuta.

Nikamuuliza kama anaweza kuniahidi. Akasema hapana. Watausimamisha moyo, mashine itafanya kazi yake, na mishipa yenyewe ni midogo kiasi kwamba hata yeye anahitaji miwani ya kukuzia. Anaweza kumpoteza mezani. Lakini tukingoja, akasema, atampoteza kwa njia nyingine, na itakuwa siku mtoto ananyoosha mkono kuchukua kitu.

Nimetia sahihi. Baba Nukta naye ametia. Ameegesha lori nje ya geti la hospitali mpaka walinzi wameanza kumwita jirani. Tunazungumza sasa. Jana tuligombana vizuri, kwa sauti, nikajua tumerudi.

Nukta ameuliza kama atafungwa zipu. Daktari akamwambia hapana, uzi. Akauliza uzi wa rangi gani.

Upasuaji ni Jumanne asubuhi. Naogopa sana, Baba. Nimekumbuka jinsi ulivyokuwa unatuacha tukaze mzunguko wa mwisho, na mkono wako ukiwa juu ya wetu bila kugusa. Natamani ungekuwa hapa tu, bila kufanya kitu.

Binti yako


Tarehe 28 Machi

Katani,

Barua hii itakufikia baada ya mtu. Nimerudi kutoka gazetini nimekuta kitanda cha Baba kimetandikwa, dawa zake hazipo, mfuko wa spana haupo. Ameacha ujumbe wa maneno kwa mke wangu: nisimfuate, nitaanza kubishana na wauguzi.

Yuko kwenye basi la usiku na magoti yale. Nimempigia simu dereva wa kampuni ya basi, nikafoka, ikawa kazi bure. Dereva akasema mzee amekaa kiti cha mbele na anawasimulia abiria habari za mishipa.

Nimekaa chumbani kwake sasa. Chumba kinanuka mafuta ya kukatia chuma. Sina la kupinga leo. Nimetafuta, sikulipata.

Kaka yako


Tarehe 9 Septemba

Kaka,

Umeniuliza mara nyingi habari za Jumanne ile nami nakukwepa, nasema upasuaji ulikwenda vizuri, basi. Leo nitakueleza, kwa sababu leo nimecheka, na nikicheka naweza.

Baba alifika wakati wanamsukuma kitanda kuelekea milango ile ya kujifunga yenyewe. Nukta akamwona. "Babu, umekuja na spana?" Baba akamwonyesha mfuko. Akasema, "Wakikwama wataniita." Mtoto akaingia ndani anacheka. Ndivyo alivyoingia, kaka, anacheka, na kama asingetoka ningekuwa na hilo.

Halafu ikawa benchi. Baba alikaa kidogo, akasimama. Bomba la kunawia la pale koridoni lilikuwa linadondosha maji. Akaenda akapiga magoti, yale yale yasiyopanda ngazi, akafunga koki, akaanza kulifungua. Muuguzi akaja juu, "Mzee, unafanya nini? Hii ni hospitali." Akasema, "Najua. Nishikie hii." Akamshikisha muuguzi mpira wa koki. Nami nikaenda nikachuchumaa, nikawasha tochi ya simu. Baba Nukta akaja akashika mfuko. Tukawa watatu chini ya sinki la watu mpaka maji yakakoma kudondoka. Kwa muda ule nilikuwa mtoto mdogo wa Jumamosi na hakuna kibaya kinachoweza kutokea, maana Baba yuko chini ya sinki.

Daktari alitoka jioni. Amevua kofia, nywele zimemlala, sikumtambua mara moja. Akasema moyo ulianza wenyewe walipouachia damu, hawakuhitaji kuushtua. Akasema ulibadilika rangi mbele ya macho yao. Baba akamuuliza aliyashona maungio kwa uzi wa unene gani. Wakaanza kuzungumza wawili hao, na mimi nikaenda kulia chooni kwa sababu hapo nilijua amepona. Mtu mwenye habari mbaya hasimami kueleza habari za uzi.

Lakini si hilo lililonichekesha leo. Leo nimeitwa shuleni. Simu ilipolia nilidondosha boksi zima la elbo, nikaenda mbio na aproni ya dukani. Mwalimu mkuu amekaa, amekunja uso, Nukta amesimama pembeni anatazama dari, soksi moja imeshuka. Mwalimu akasema, "Mama, binti yako amepanda paa la choo kufuata mpira. Alipoambiwa ashuke akabishana. Sare imechanika. Na amemsukuma mwenzake kwenye tope."

Nikainamisha kichwa nisionekane uso. Nikasema naomba radhi, mwalimu, hilo halitarudiwa, nitamshughulikia.

Nikamshughulikia. Nilimgombeza tangu getini mwa shule. Nilimgombeza habari za paa, na za sare, na za yule mtoto wa tope. Nikarudi nyuma mpaka makosa ya mwezi uliopita na ya tangu mwanzo wa mwaka, yale niliyoyaacha yapite kwa sababu nilikuwa naogopa neno langu la mwisho kwake lisije likawa la ukali. Akanijibu. Nikamwambia usinijibu. Akanijibu tena. Unakumbuka Mama alivyokuwa anakurudisha wewe kutoka shuleni, mnapelekana hatua kwa hatua barabara nzima, nami mtiifu natembea nyuma yenu naona wivu kwamba hakuna anayenigombeza? Ilikuwa hivyohivyo. Watu walikuwa wanageuka. Mama mmoja akasema, "Msamehe basi, ni mtoto." Nikamwambia dada, wewe pita.

Tulipofika nyumbani sauti ilikuwa imenikauka kabisa, na nilikuwa sijafika hata nusu. Nimemwambia alale, nitaendelea kesho.

Mdogo wako,
Katani